Mkataba wa kampeni ni deni la serikali
Na Mwanaisha Mbarak

Anayetaka kujifunza namna ya kushinda uchaguzi Kenya aanze na 2002. Oktoba 14, katika Uhuru Park, Raila Odinga alitamka "Kibaki tosha", na ubishi wa nani angepeperusha bendera ya upinzani ukaisha. Mwai Kibaki alipopata ajali ya gari mapema Desemba na kupelekwa London kutibiwa, wenzake, akina Raila, Kijana Wamalwa na Charity Ngilu, walizunguka nchi wakimwombea kura. Desemba 27 muungano wao wa NARC ukazoa asilimia 62 ya kura za urais na kuking'oa chama cha KANU kilichotawala tangu uhuru.

Kutimiza ahadi za kampeni kulikuwa jambo jingine. Ahadi ya elimu ya msingi bila malipo ilitimizwa Januari 2003, na zaidi ya watoto milioni moja wapya wakafurika shuleni. Ahadi hiyo ilihitaji amri na fedha. Haikumpunguzia kigogo yeyote wa muungano madaraka yake.

Mkataba wa maelewano kati ya pande mbili za NARC, yaani NAK ya Kibaki na LDP ya Raila, ulikuwa na uzito mwingine kabisa. Uligawa madaraka nusu kwa nusu na kuahidi kiti cha waziri mkuu ambacho katiba ya wakati huo haikukitambua. Rais akishaapishwa, hakuna aliyeweza kumlazimisha kuutimiza. Siwalaumu wanamikakati wale kwa kuungana, maana bila muungano KANU ingebaki. Nawalaumu kwa kuliacha swali gumu kuliko yote lijibiwe na mtu aliyekwishapata alichokitafuta.

Katiba mpya, iliyoahidiwa ndani ya siku 100, ikageuka uwanja wa vita. Katika kura ya maamuzi ya Novemba 21, 2005, mawaziri wa serikali moja walipanda majukwaa mawili, wengine wakipigia debe ndizi, alama ya kuunga mkono rasimu, wengine chungwa, alama ya kuipinga. Serikali ikashindwa kwa asilimia 58 dhidi ya 42, na Kibaki akavunja Baraza la Mawaziri. Uhasama huo ulibebwa hadi uchaguzi wa 2007, ambao ghasia zake ziliua zaidi ya watu 1,100. Raila akawa waziri mkuu 2008, baada ya damu kumwagika.

Siku hizi Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inataka mikataba ya miungano iwasilishwe kwa Msajili. Kuiweka kabatini hakutoshi. Kabla ya kura ya 2027, mpiga kura, mdai mgombea wako auchapishe mkataba wake wote, kila cheo na anayekitarajia, na akuonyeshe kifungu cha katiba kinachokiruhusu.