Gari lipimwe kwanza, lisifunguliwe kwa kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa wasomaji ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wenye magari wengi wamelizoea mno hata hawalihesabu tena kuwa ni ugonjwa. Jambo lenyewe ni hili la kuongeza maji katika rejeta kila asubuhi.

Hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, si ajabu kumwona dereva alfajiri akiwa na dumu mkononi kabla ya kuwasha gari. Ukimwuliza atakujibu kwamba gari lake ni la zamani, kwa hiyo "linakunywa maji kidogo". Ndugu Mhariri, gari halinywi maji. Maji ya injini huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na yale yaliyomo leo ndiyo yanayopaswa kuwamo mwezi ujao. Yakipungua, yametoka mahali fulani. Uzee wa gari si jibu, maana hata gari la mwaka 1985 likiwa zima halipotezi maji.

Tatizo ni kwamba mara nyingi tundu halionekani. Hakuna tone chini ya gari, mipira inaonekana mizima, na rejeta ni kavu. Hapo ndipo kubahatisha kunapoanza. Jirani yangu mmoja alikuwa na gari dogo lililopoteza karibu lita moja kila baada ya siku mbili. Katika gereji moja alibadilishiwa rejeta, maji yakaendelea kupungua. Akabadilishiwa pampu ya maji, hali ikawa ile ile. Kisha akaambiwa kwamba sasa hedi ifunguliwe. Kwa bahati njema alipata fundi mwingine aliyelipima gari kabla ya kushika spana. Ikaonekana kwamba mpira mdogo uliojificha nyuma ya injini, unaopeleka maji kwenye hita, ulikuwa na ufa. Maji yalidondokea bomba la ekzosi lenye moto na kukauka kabla ya kufika chini. Mpira ule ulikuwa wa bei ndogo sana, lakini fedha za rejeta na pampu zilikuwa zimekwisha kwenda.

Kisa kama hiki si cha mtu mmoja. Chanzo chake ni kwamba mafundi wetu wengi hulitafuta tundu wakati injini imepoa na maji yametulia, ambapo tundu lenyewe limejifunga. Injini ikipata moto maji hutanuka na kusukuma kwa nguvu, na hapo ndipo ufa unapofunguka. Dawa yake ni pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kupimia, ambayo hufungwa mahali pa mfuniko wa rejeta. Injini ikiwa baridi, fundi hupampu mpaka kiasi kilichoandikwa juu ya mfuniko, kisha hungoja na kuangalia mshale. Mshale ukishuka, maji yanatoka, na akiwa na tochi atayaona yanapotokea. Mshale ukishuka bila tone kuonekana nje, basi maji yanaingia ndani, na dalili zake zinajulikana: oili kuwa kama chai ya maziwa, ekzosi kutoa moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, au mapovu kupanda katika rejeta. Kwa gari la giaboksi ya otomatiki, oili ya gia nayo itazamwe, kwa sababu katika magari mengi hupozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo. Zulia la mbele likiwa limelowa, tundu liko kwenye hita iliyo chini ya dashibodi. Sisi wa nchi za joto hita hatuitumii, lakini katika magari mengi maji hupita humo.

Napenda pia niukumbushe umma juu ya mfuniko wa rejeta, maana wengi huuona kama kizibo tu. Mji wa Shinyanga uko juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 1,100, na mahali kama hapa maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wala si 100 kama Dar es Salaam. Injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95. Kinachozuia maji yasichemke ni mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko, ambao huyawezesha kuvuka nyuzi 110 bila kuchemka. Springi ya mfuniko ikilegea, au mpira wake ukikatika, maji hutoka kama mvuke na hakuna atakayeona tundu. Hivyo dereva wa kwetu ana sababu zaidi ya kuupima mfuniko kuliko mwenzake wa pwani.

Ziko tabia tatu ambazo naona zikomeshwe. Ya kwanza ni ya kuitoa themostati na kuitupa kila gari linapochemsha. Kufanya hivyo hakuzibi tundu lolote. Injini huchelewa kupata moto wake, hula mafuta zaidi na kuchakaa upesi, na ugonjwa wenyewe hufichika. Ya pili ni ya kutia ute wa yai, bizari au unga wowote ili kuziba. Vitu hivyo huziba na vile vijia vyembamba vya rejeta ambavyo havikuwa na kosa. Ya tatu ni ya kujaza maji ya kisima yenye chumvi siku zote. Maji hayo huacha ukoko na kuleta kutu, na kutu ndiyo inayotoboa vile vifuniko vidogo vya bati vilivyo ubavuni mwa bloku. Maji ya kupozea injini yenye dawa yana kazi yake, ingawa ni sumu yenye ladha tamu, na ni hatari kubwa kuyahifadhi katika chupa ya soda mahali penye watoto.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya wenye magari peke yao. La hasha. Magari haya madogo ya zamani, yakiwemo yaitwayo michomoko, ndiyo yanayowabeba wananchi wengi katika Kanda ya Ziwa, yakiwapeleka minadani, hospitalini na kwenye machimbo ya upande wa Kahama na Geita. Gari likichemsha porini njiani, mgonjwa na mama mwenye mtoto hukaa juani. Dereva mwenye haraka hufungua mfuniko ungali moto, na maji yanayochemka humrukia yeye au utingo wake usoni. Akimimina maji baridi ghafla, hedi inaweza kupasuka, na mtaji wa familia nzima ukaishia hapo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nashauri mambo yafuatayo. Kwanza, mwenye gari aweke alama kwa kalamu kwenye chupa ya akiba injini ikiwa baridi, alaze boksi safi chini ya injini usiku, na aandike maji yanapungua kiasi gani na baada ya safari gani. Maelezo hayo yatamsaidia fundi kuliko kauli ya "linakunywa kidogo". Pili, mwenye gari asikubali kifaa chochote kibadilishwe kabla ya kuonyeshwa kwa macho mahali maji yanapotoka, na akabidhiwe kifaa kibovu kilichotolewa. Tatu, mafundi walio jirani washirikiane kununua pampu moja ya kupimia, kwani chombo hiki si mtambo mkubwa na gereji kadhaa zinaweza kukitumia kwa zamu.

Nne, naiomba VETA, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na tayari ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazi mitaani, ihakikishe kwamba kutafuta tundu kwa kipimo ni sehemu ya mtihani huo. SIDO nayo, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ingeweza kuwasaidia mafundi kupata vifaa vya kupimia. Na katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, magari ya abiria yanapokaguliwa breki, taa na matairi, mfuniko wa rejeta na mipira ya maji navyo vitazamwe.

Mafundi wetu hawakosi akili wala bidii. Wengi wao wamefufua injini ambazo kwingine zingetupwa. Wanachokosa ni chombo cha kupimia na sisi wateja wenye subira ya kungoja kipimo. Nusu saa ya kungoja mshale ni rahisi kuliko rejeta mpya isiyohitajika.

Nawaomba wahusika walifikirie jambo hili.

Dereva,
Ngokolo, Shinyanga.