Masisi na Walikale: Kamera inaona, lakini nani anakuja?

Tarehe 3 Desemba 2013, Hervé Ladsous, mkuu wa shughuli za kulinda amani za Umoja wa Mataifa, alizindua mjini Goma ndege za MONUSCO zisizo na rubani. Wakaaji waliambiwa kwamba makundi yenye silaha sasa yatafuatwa kutoka angani. Ni vizuri. Lakini jicho si mlinzi.

Kompyuta kufuata kitu kwa kamera si uchawi. Kwake picha ni vidoa vingi, na kila kidoa ni namba 3: ya wekundu, ya kijani na ya buluu. Programu huambiwa rangi ya kutafuta, hukusanya vidoa vinavyofanana nayo, kisha huvifuata picha kwa picha. Leo hata kompyuta ya kawaida yenye kamera ndogo inaweza kufuata mpira mwekundu ndani ya kivinjari. Lakini wingu likifunika jua rangi hubadilika, na mpira unapotea. Na shitingi nyeupe kwake ni doa jeupe tu. Haijui kama chini yake amelala mtoto wa wahami au kuna gunia la mahindi. Kujua hivyo ni kazi ya mtu.

Wanaosifu ndege hizo watakumbusha Mei 2014, zilipoona chombo kikizama Ziwa Kivu na watu wakaokolewa. Ni kweli. Lakini waliokolewa kwa sababu boti zilitumwa mara moja. Bila boti, kamera ingerekodi tu watu wakizama.

Luvungi, wilayani Walikale, haikukosa kamera tu. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, zaidi ya watu 300 walibakwa huko na katika vijiji jirani. Walinda amani walikuwa na kambi Kibua, kama kilomita 30. Walioona walikuwepo: ni wanavijiji wenyewe. Kilichokosekana ni simu ya kuwafikisha sauti, barabara, na askari wa kuja.

Kwa hiyo anayeleta kamera Masisi au Walikale aulizwe mambo 3: nani anatazama picha hizo, nani anaamuru askari waondoke, na watafika baada ya saa ngapi? Majibu yasomwe redioni, kwa Kiswahili, wahami wayasikie makambini. Anayepigwa picha kila siku ana haki ya kujua picha yake inamsaidia nini.