Herufi Mbili Juu ya Mlango

Apitaye katika barabara za Mangobo au Kabondo, hapa Kisangani, huona vibanda vingi vya kazi: mshonaji, seremala, kinyozi, muuza mkate. Juu ya milango mingi yameandikwa maneno mengi, na juu ya maneno zimechorwa picha: mkasi, ua, uso wa mwanamke. Mpita njia aliyepanda baiskeli ya toleka hana nafasi ya kuyasoma yote hayo. Amekwisha pita, na fedha yake imepita pamoja naye. Kwa hiyo leo twapenda kuwashauri wenye kazi ndogo za mikono jinsi ya kujifanyia alama ya herufi, isiyo na gharama kubwa.

Jambo hili si geni kwetu Wakatoliki. Altareni na juu ya mavazi ya padre twaziona herufi IHS. Ndizo herufi tatu za kwanza za jina la Yesu kwa Kigiriki. Ile ya katikati, ionekanayo kama H, ni e ndefu ya Wagiriki. Mtakatifu Bernardino wa Siena (1380–1444) alizichora juu ya ubao, katikati ya miali ya jua, akawaonyesha watu alipokuwa akihubiri. Yasimuliwa kwamba mchoraji mmoja wa karata za kamari alimlalamikia: watu wameacha kucheza, naye amekosa chakula. Mtakatifu akamwambia achore alama ile badala ya karata. Na kwa kuiuza mtu yule akapata riziki yake. Herufi tatu tu zilimtosha.

Basi, tufanyeje? Kwanza, chagua herufi moja au mbili za jina la kazi yako, zisizidi tatu. Afadhali usitegemee jina la mahali. Mji wetu uliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966. Aliyekuwa amejenga alama juu ya herufi ya jina lile angalilazimika kuanza upya.

Pili, twaa daftari la hesabu lenye miraba. Tuseme mama mshonaji ataka herufi M na T. Achore M yenye upana wa miraba saba na kimo cha miraba saba, mistari yote iwe na unene mmoja. Saba ina mraba wa katikati. Hapo ndipo mguu wa T utakaposhuka katika bonde la M. Hivyo herufi mbili zitakuwa kitu kimoja.

Tatu, tumia rangi moja. Alama isiyoeleweka kwa rangi nyeusi peke yake haitaokolewa na nyekundu wala ya dhahabu.

Nne, ijaribu. Ichore ndogo kama ukucha wa kidole gumba, kisha kubwa ukutani, uitazame toka ng'ambo ya barabara. Mwite mtoto wa shule aitazame mara moja, kisha aichore mchangani kwa kijiti. Akiweza, imefaulu.

Tano, fikiri itakavyopigwa chapa. Ukiikata katika karatasi ngumu ili upake rangi juu ya mifuko, jihadhari na herufi zenye tundu, kama A, B, D, O, P na R: kipande cha ndani huanguka, usipoacha kidaraja chembamba cha kukishikilia. Katika muhuri herufi huchongwa kinyume. M na T hazibadiliki. Lakini R au S, fundi asipoangalia, itatoka imegeuka.

Limebaki jambo lililo kubwa kuliko yote. Wako wadhanio kuwa ni werevu kuiga alama ya jirani aliyekwisha sifika. Huo ni wizi, na amri ya saba yauhusu sawasawa na wizi wa kuku. Mjane anayelisha watoto kwa cherehani moja, mwingine akitwaa herufi zake na kushona kwa uzi dhaifu, aibu yamrudia mjane, na wateja wamkimbia pasipo kosa lake. Hata serikali yalitambua jambo hili: sheria ya tarehe 7 Januari 1982 yalinda alama za biashara zilizoandikishwa.

Tena alama ni ahadi. Haifanyi nguo mbaya kuwa njema. Yawakumbusha watu tu mahali walipoipata. Aliyeshonewa vizuri atazitafuta herufi zile. Aliyedanganywa atazikumbuka vilevile, apite upande wa pili. Wazee walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nanyi wanafunzi, mnaojua kushika kalamu na rula, wasaidieni mama zenu na wajomba zenu kazi hii Jumapili baada ya Misa. Daftari moja latosha. Lakini kabla ya kuchora, waulizeni: je, kazi yetu ni njema kiasi cha kuwekewa jina letu?