Tamko la wahifadhi wa makumbusho na mambo ya kale kuhusu majanga ya pwani

Sisi wahifadhi, tunaotunza makumbusho, nyaraka na magofu ya pwani ya Tanzania, tunatoa tamko hili kabla ya masika, kwani mvua zikishaanza tutakuwa tumechelewa.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika wilayani Kilwa. Huko ndiko kuliko Kilwa Kisiwani, penye Msikiti Mkuu wenye msingi wa karne ya 11 na jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14. Ufukweni liko Gereza, ngome ambayo sehemu ya kuta zake imekwisha kuliwa na bahari. Magofu haya, pamoja na ya kisiwa cha Songo Mnara, yalikaa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014. Hatukubali yarudi huko.

Barabara ikikatika, msaada wa Dar es Salaam haufiki. Na karatasi iliyolowa haisubiri: kwa joto la pwani, ndani ya siku mbili tu yaweza kuota ukungu. Wino husambaa, kurasa hugandana, na anayezibandua kwa pupa hung'oa maandishi pamoja nazo. Kwa hiyo maturubai, makreti, feni, jenereta na karatasi za kunyonya maji viwepo palepale penye mikusanyo. Rafu zinyanyuliwe kutoka sakafuni. Daftari la orodha liwe na nakala katika mji mwingine, maana orodha ikizama pamoja na vitu vyake, hata kilichopotea hakitajulikana.

Tunawasihi pia wakandarasi waache kuziba nyufa za kuta za mawe ya matumbawe kwa saruji. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi, na jiwe likamomonyoka. Mikoko iliyo mbele ya magofu isikatwe, kwani ndiyo inayopunguza nguvu ya mawimbi.

Uhai wa watu ni kwanza, na hatuombi boti ya uokoaji iache mtu ibebe chungu. Tunachodai ni kiti cha mhifadhi katika kamati za maafa za wilaya, na fungu la dharura katika bajeti za halmashauri za pwani, lisiishie makao makuu. Kwa upande wetu, tutawafundisha walinzi wa magofu na vijana wa vijiji jirani kuokoa na kukausha nyaraka, bila malipo.