Namba Tasa Zifundishwe kwa Hoja, Siyo kwa Orodha

Tulipokuwa tukiwatazama wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, mmoja wao aliandika ubaoni namba tasa zote zilizo chini ya 100, akawaagiza wanafunzi wazikariri. Mtoto mmoja akauliza kwa nini 91 haimo. Mwalimu akajibu, "Kitabu hakikuiweka." Jibu hilo lilitusikitisha, lakini hatukumlaumu kijana yule. Ndivyo naye alivyofundishwa, na yamkini waliomfundisha hivyo ni sisi wenyewe.

Hoja iliyotakiwa si ngumu. Namba isiyo tasa ni zao la namba mbili ndogo kuliko yenyewe, na namba hizo haziwezi zote mbili kuzidi kipeuo cha pili cha zao hilo. Kipeuo cha pili cha 91 hakifiki 10. Basi yatosha kujaribu 2, 3, 5 na 7. Saba inaigawa mara 13. Jaribio hilo hilo likifanywa kwa 97, hakuna inayoigawa, nasi twajua kwa yakini kwamba ni tasa.

Wapo walimu wenzetu wanaodai kwamba hayo ni anasa, maana orodha inatosha kwa mtihani. Tunawaomba waitazame 2,147,483,647, yaani 2 kwa kipeo cha 31, kutoa 1. Hakuna orodha ya darasani inayoifikia. Kipeuo chake cha pili hakifiki 46,341, na chini ya kikomo hicho zipo namba tasa 4,792 za kujaribu. Leonhard Euler, mwanahisabati mzaliwa wa Uswisi, alitafuta hoja ya kupunguza kazi hiyo. Alitambua kwamba kigawo chochote tasa cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Namba za aina hiyo zilizo chini ya kikomo hazifiki 400. Mwaka 1772 alieleza kwamba namba ile ni tasa. Wakati huo alikuwa karibu kipofu, wala hakuwa na mashine ya kumsaidia. Kwa miaka mingi baadaye haikujulikana namba tasa iliyo kubwa kuliko hiyo.

Hatusemi kwamba hoja ya 248 ipelekwe katika shule za msingi. Tunasema kwamba hoja ya kipeuo cha pili inawezekana huko, nayo haihitaji kifaa chochote zaidi ya chaki na ubao. Mwalimu aanze na 91 na 97, awaache wanafunzi wagundue wenyewe mahali pa kukoma, ndipo awasimulie habari za Euler. Nasi vyuoni, tunapomsahihisha mwanachuo aliyeandika kwamba namba fulani ni tasa, tusimpe alama zote mpaka aeleze kwa nini alikoma kujaribu pale alipokoma.