Mlio nyuma ya gari ni hasara inayobisha hodi

WAHENGA walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mwenye gari la mzigo, dalili ya hasara ni mlio. Hapa Sikonge, ambako Land Rover 109 za zamani bado hubeba tumbaku, asali na mahindi kutoka vijijini, mlio unaotoka nyuma ya gari si wa dereva na utingo peke yao. Unagusa mfuko wa mkulima na mfanyabiashara.

Magari haya yana umri. Land Rover Series III zilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, hivyo hata iliyo changa kuliko zote imefikisha miaka 40. Zinapendwa kwa sababu zinavumilia mchanga na matope, na fundi anaweza kuzifungua chini ya mwembe. Tatizo kubwa si uzee wake. Tatizo ni tabia yetu ya kununua spea kabla ya kujua ugonjwa.

Hili limetupata katika familia yetu. Gari letu lilianza kuvuma nyuma katikati ya msimu wa masoko ya tumbaku. Gereji moja, bila hata kuinua gurudumu, ikasema difu imekufa. Tukanunua difu ya mtumba, ikafungwa, na gari likarudi barabarani na mvumo uleule. Fundi mwingine aliomba jeki tu. Alipotikisa gurudumu la nyuma kushoto, likacheza. Ilikuwa beringi. Tulikuwa tumetibu ugonjwa ambao gari halikuwa nao, huku marobota yakisubiri ghalani.

Tupige hesabu. Tuseme gari linabakiza Sh150,000 kwa siku baada ya kutoa mafuta na posho ya dereva. Likilala siku sita, Sh900,000 zimepotea kabla hujagusa bei ya spea. Ongeza mnunuzi wa asali ambaye hakukusubiri.

Mlio hujieleza ukiulizwa vizuri. Gari likigonga mara moja unapoachia klachi au kubadili gia, anza na krosi za propela. Zima gari, weka mawe kwenye magurudumu, kisha zungusha propela kwa mkono huku na huku. Krosi yenyewe ikicheza, imekwisha.

Mvumo unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta huelekeza kwenye difu. Hata hapo usikimbilie kununua. Fungua nati ya kujazia oili. Oili inapaswa kufika usawa wa tundu. Ikiwa imepungua, tafuta inakovujia.

Mvumo usiojali mafuta, unaokua na mwendo na kubadilika ukikata kona, mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Endesha kilometa kadhaa bila kukanyaga breki sana, simama, kisha sogeza mkono karibu na katikati ya kila gurudumu. Lililo moto kuliko mwenzake lina kesi ya kujibu: ni beringi, au ni breki inayong'ang'ania. Usisahau kwamba tairi za matope nazo huvuma zikikanyaga lami. Gari likigonga kwenye mashimo tu, kagua springi, bushi, shokapu na boliti zilizolegea.

Kuna onyo moja hapa. Handibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu moja kwa moja. Inashika propela ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu gari kutembea hata kama handibreki imevutwa. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini kabla ya kugusa jeki.

Lami ya kutoka Tabora hadi Mpanda, inayopita kwetu, nayo imeleta kosa lake. Dereva anatoka matopeni, anaingia lami na kusahau kirungu cha njano kikiwa bado chini. Kuendesha kwa magurudumu manne kwenye lami kavu kunabana difu na krosi, na mlio wa kesho unatengenezwa leo.

Kwa mtazamo wangu kama mchumi wa kilimo, kiini cha hasara hii ni namna tunavyomlipa fundi. Wengi wetu humlipa kwa kufunga kifaa, hatumlipi kwa kutafuta ubovu. Fundi anayelipwa kwa kufunga, atafunga. Tumzoeze, na tujizoeze, malipo ya uchunguzi: saa moja ya jeki, tochi na sikio, ambayo hulipwa hata akikuta nati tu imelegea. Fedha hiyo inauma kidogo, lakini ni ndogo mno mbele ya difu isiyohitajika.

Vyama vya msingi vinavyokodi magari navyo vina nafasi. Vidai magari yakaguliwe kabla masoko hayajafunguliwa, si baada ya gari kukwama porini na mzigo wa wanachama. Mwenye gari lililokaguliwa apewe kipaumbele cha kupakia. Atakayeona mwenzake anapakia kwanza atatafuta jeki bila kuhubiriwa.

Tabora imeishi kwa usafirishaji tangu misafara ya wapagazi ilipokatiza hapa kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mkulima anayesikia mlio na kuongeza sauti ya redio hajauondoa. Ameahirisha tu siku ya kuulipia, na siku hiyo hupenda kuja gari likiwa limejaa.