DAKTARI WA MLANGO WA KWANZA

Wapo wasemao kwamba hospitali kubwa ikiwaajiri madaktari wote wa mitaani, wagonjwa watastarehe. Sisi hatupingi kuajiriwa. Twauliza tu wameajiriwa wafanye nini. Na wa kuulizwa ni Wamarekani, kwani wao jambo hili wamelijaribu mara mbili.

Kwao daktari wa kawaida, yule aijuaye nyumba nzima tangu bibi hata mjukuu, zamani alikuwa na ofisi yake mwenyewe. Katika miaka ya 1990 hospitali zikazinunua ofisi hizo mbiombio. Hazikufanya hivyo kwa mapenzi. Ziliona kuwa amshikaye daktari wa kwanza ndiye awashikaye wagonjwa, na kila moja ikachelea kutanguliwa na mwenziwe. Hesabu hazikukaa. Nyingi zilipata hasara, zikaziachia ofisi zile. Kule Pennsylvania shirika la Allegheny, lililonunua ofisi kwa wingi, lilifilisika Julai 1998 likiwa na madeni ya dola kama 1,300 milioni, na ununuzi huo ulikuwa mojawapo ya sababu.

Mtu angedhani wamekoma! Baada ya sheria ya afya ya 2010 walizidi kurudi sokoni. Chama cha Madaktari cha Marekani kilipohesabu mwaka 2020, waliokuwamo katika ofisi za madaktari wenyewe walikuwa 49.1 katika kila mia. Mwaka 2024 walikuwa 42.2. Si wote waliokwenda hospitalini, lakini wengi. Sababu mojawapo i wazi: ofisi ikishahesabiwa kuwa sehemu ya hospitali, uchunguzi ule ule, wa daktari yule yule, hulipiwa zaidi na bima ya Serikali ya wazee. Mwaka 2015 Bunge lao liliuziba mwanya huo kwa ofisi mpya zilizo mbali na hospitali. Za zamani zikaachwa.

Basi mwendeshaji hufungua daftari lake, akamwona daktari aliyeituliza presha ya mzee kabla hajapooza. Kitanda kimebaki kitupu. Daftari laandika hasara. Hapo ndipo penye kosa, nasi twalisema bila ya kuuma maneno: daktari huyo ahesabiwe kwa watu awajuao na kuwatunza, si kwa idadi ya aliowapeleka vitandani.

Ndugu wanachama, katika matibabu yetu ya umma visiwani hakuna ofisi ya kununuliwa. Kituo na hospitali vyote ni vya Serikali moja. Hasara ya huku na faida ya kule zimo katika mfuko mmoja, wala hapana udhuru. Lakini jengo la ghorofa huonekana tangu barabarani, na kidonge cha presha kilichomo kabatini mwa kituo hakionekani na mtu. Kwa hiyo twataka Baraza la Wawakilishi, litakapofika kwenye makisio ya Wizara ya Afya, liulize kwanza: vituo vya shamba vilikosa kidonge hicho siku ngapi mwaka uliopita, na wazee wangapi walipanda gari kukifuata Mnazi Mmoja?